Yai la Bi Mwanakombo

Marahaba, wajukuu zangu, kaeni. Kabla hamjaniuliza habari za kazi, niwape kwanza mambo mawili ya aibu nimalizane nayo. Mimi Bakari wa Timbwani nimefunga mizigo ya wazamiaji, hawa wapiga mbizi, miaka ishirini na sita, mizigo iliyopanda ndege ikaenda kuzama katika bahari ambazo majina yake hayakai ulimini mwangu. Na mimi mwenyewe ndege sijaipanda hata siku moja. Kuzama ndiyo kabisa. Maji yakinifika magotini hapo ufukweni Likoni, naanza kutafuta la kushika.

Haya, chekeni mmalize. Bi Mwanakombo naye alicheka siku niliyofika pale kwenye nyumba ya wazamiaji kuomba kazi. Nilikuwa nimetoka Changamwe, kiwanda cha magodoro, ambako nilikata sponji mpaka nikawa naota sponji. Meneja wa hapo kwa wazamiaji, Bwana Kalume, mtu wa Rabai na mzee wa kanisa, alinichukua kwa sababu moja tu: nilimwambia kwamba mtu anayejua sponji anajua kuzuia kitu kisivunjike. Lilikuwa neno la kujitapa tu. Bi Mwanakombo, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wa stoo, akanitazama juu mpaka chini akasema tutaona.

Nitawaeleza tulivyoona. Lakini kwanza niwaambie kilichoniamsha mwaka huu, maana nilikuwa nimestaafu kwa raha zangu, kazi yangu ni bao na kuwasumbua wapita njia.

Alikuja Riziki, mjukuu wa Bi Mwanakombo, binti wa Mtongwe. Mnamjua, yule mrefu anayevaa miwani mizito. Riziki ni mzamiaji wa kuongoza wageni chini ya maji, tena hodari, samaki wenyewe wanampisha. Basi alikuwa amepata nafasi ya kwenda Misri, Bahari ya Shamu, kufanya mtihani wa ualimu wa kuzamia. Nafasi ni moja. Akipita, anarudi kuwa mwalimu pale pale kwetu. Akianguka, kazi hiyo anapewa mtu wa kuletwa kutoka nje, na yeye anaendelea kuwabebea wageni mitungi mgongoni.

Sasa sikilizeni shida iko wapi. Macho ya Riziki hayaoni mbali. Chini ya maji huwezi kuvaa miwani ya kawaida, kwa hiyo alitengenezewa miwani ya kuzamia yenye vioo vya kipimo cha macho yake mwenyewe. Aliisubiri miezi. Mombasa nzima hakuna ya pili. Mapezi ya miguuni mtu anaweza kuazima, suti ya mpira anaweza kuazima, lakini macho hayaazimwi. Vioo vile vikipasuka njiani, mwalimu mtarajiwa hataona hata mkono wa mwanafunzi anayempungia kwamba anakufa.

Akanishika mkono, akasema, "Babu, nifungie wewe."

Nikamwambia mikono yangu sasa inatetemeka hata nikishika kikombe. Akasema kikombe hakimpeleki Misri. Wajukuu wa Bi Mwanakombo wote wana ndimi za nyanya yao.

Na huyo nyanya, alipokuwa stoo, alikuwa na mtihani wake. Stoo yetu ilikuwa juu, ghorofa ya kwanza, na ngazi zake za saruji zilikuwa kumi na moja. Ukimaliza kufunga begi la mgeni, Bi Mwanakombo anatoa yai bichi mfukoni mwa buibui, analiweka ndani ya kasha la miwani, kando ya kioo. Kasha linaingia ndani ya begi. Kisha anakuambia: rusha. Unalitupa begi kutoka kidato cha juu, linabingirika mpaka chini, gubu, gubu, gubu. Halafu mnashuka wote wawili, mnafungua. Yai likiwa zima, begi linakwenda uwanja wa ndege. Yai likivunjika, unafungua kila kitu, unaosha, unaanza upya, na chakula chako cha mchana siku hiyo ni ugali na yai, na yai lenyewe umelimwaga.

Siku yangu ya kwanza nilivunja manne. Mimi, mtu wa sponji! Nilikuwa nimeweka sponji nyingi mno juu na chini, pembeni hakuna kitu. Bi Mwanakombo akaniambia mizigo haianguki kwa adabu, inaangukia popote. Nikafua suti ya mgeni iliyojaa ute wa yai huku Bwana Kalume akipita na kuuliza leo tunapika nini.

Lakini nikajifunza, wallahi. Nikajifunza kwamba suti ya mpira ndiyo sponji bora kuliko sponji, kwa hiyo inazungushwa katikati ya begi na vitu vigumu vinalala ndani yake. Mapezi marefu yanasimama pembeni, kushoto na kulia, yanakuwa kuta. Kisu kinakwenda begi kubwa chini kabisa, usithubutu kukiweka begi la mkononi, utaeleza mpaka ukauke mate. Risasi za mkanda wa kuzamia, vile vipande vizito vya kumvuta mtu chini, unaziacha nyumbani, huko unakokwenda watakupa zao. Kulikuwa na bwana mmoja wa Nairobi aliyezificha kwenye viatu ili begi lisionekane zito. Begi likapimwa, likasoma uzito ule ule, naye akawa ameshangaa kweli kweli, eti alidhani viatu havipimwi.

Na kipumulio, kile cha mdomoni chenye mipira yake mirefu, hicho hakikunjwi kama shati. Mipira inazungushwa taratibu, duara pana, kama nyoka aliyeshiba. Bi Mwanakombo alikuwa anakifunga ndani ya leso kuukuu, kwa sababu leso mpya ina ubishi, na anakiweka begi la mkononi pamoja na miwani. Kanuni yake ilikuwa moja: kisichoazimika kisitoke mkononi mwako.

Kabla ya hayo yote, kukausha. Kila kitu kinasuuzwa kwa maji baridi ya bomba na kuanikwa kivulini. Suti inachukua siku nzima kukauka, na Bi Mwanakombo alikuwa hatoi begi mpaka suti ikauke. Wageni walikuwa wanamnung'unikia, wanataka kuzama asubuhi wapande ndege jioni. Yeye anawakatalia, anasema suti bado. Miaka mingi nilidhani ni ukaidi wa kizee. Kumbe mzamiaji akitoka majini kisha akapanda ndege siku hiyo hiyo, hewa iliyoingia mwilini inaweza kumdhuru vibaya huko juu. Mwili nao unataka siku yake. Wageni wale walikuwa wanamwona mwanamke mkali wa kufua, na yeye alikuwa anawalinda roho zao kwa kisingizio cha kamba ya nguo.

Mitungi ya hewa, sasa. Msiniulize. Haya, mmeniuliza.

Kuna mgeni alikuja na mtungi wake mwenyewe, mdogo, mzuri, wa rangi ya manjano. Siku ya kuondoka akaniachia nimfungie. Nikaushika, mwepesi. Mtupu. Nikaona haya. Jamani, nyinyi mmelelewa vipi? Jirani akikuletea pilau kwenye bakuli, bakuli hulirudishi tupu. Unatia hata ndizi mbili, hata sukari kidogo. Mimi mama yangu alinifunza hivyo kwa mwiko wa ugali. Sasa huyu ni mgeni wetu, amekula kwetu, amelala kwetu, nimrudishie chombo chake kitupu? Nikaupeleka kwenye mashine, nikaujaza hewa mpaka mwisho. Hewa safi ya Likoni. Nikaufuta ukang'aa, nikaufunga, nikajisikia mtu mwenye adabu.

Nilimsindikiza mimi mwenyewe na gari la mizigo, tukavuka feri, tukapita Changamwe kwenye malori yale, mpaka uwanjani. Begi likaingia kwenye mashine ya ukaguzi. Mashine ikasimama. Wakaja watu wawili, wakaja wanne, akaja mkubwa wao. Wakauliza huu mtungi una nini. Mgeni akasema kwa uhakika kwamba hauna kitu. Mimi, kwa fahari, nikasema una hewa, nimeujaza mwenyewe.

Nikajua nimeharibu nilipoona watu wanarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja. Mtungi uliojaa haupandi ndege, vijana. Unakwenda mtupu, na ile koki ya juu imefunguliwa kabisa, mkaguzi aingize jicho aone ndani. Tukautoa nje, mbali na watu, nikaifungua hewa yangu taratibu, inapiga mluzi. Mgeni alipanda ndege akikimbia. Bwana Kalume aliponihoji nikamweleza habari ya bakuli na pilau. Akaniambia nitoke ofisini haraka kabla hajacheka.

Hilo kosa nalikubali, langu, nalibeba. Lakini kuna jingine nililolibeba miaka mingi na ndilo lililonipa lile jina la Mzee Yai mnaloniita nikipita mkidhani sisikii.

Palikuwa na Mholanzi mmoja, mtu mpole. Nilimfungia begi, tukarusha, yai zima, begi likaondoka. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Mholanzi ameshukuru kwa kila kitu, halafu mwishoni ameuliza kwa heshima: je, lile yai alilolikuta kando ya miwani yake alipofika kwao ni mila ya kwetu, na je, anatakiwa kulifanyia nini?

Yai! Bichi! Limevuka dunia! Bwana Kalume alisoma barua ile amesimama. Nyinyi ni watu wa Pwani, mnajua yai likikutwa mahali lisipotakiwa linasema nini. Akanifungia mlango akaniuliza kama mimi nawafanyia wageni uganga. Mzee wa kanisa, sauti inamtetemeka. Nikaapa kwamba nimesahau tu kulitoa. Sikukumbuka kulisahau, lakini ningesema nini? Yai halina miguu. Nusura nifukuzwe. Bi Mwanakombo ndiye aliyeingia kuniombea, akasema huyu kijana si mchawi, ni msahaulifu. Nikamshukuru mpaka machozi. Kumbukeni hapo, nilimshukuru mpaka machozi.

Sasa turudi kwa Riziki.

Kazi tuliifanya hapa hapa barazani kwangu, siku moja kabla ya safari. Bi Mwanakombo akaletwa kutoka Mtongwe kwa bodaboda, amekaa upande, ameshika mkoba, miaka themanini na kitu na dereva ndiye aliyekuwa anaogopa. Akawekewa kiti. Hakushika kitu, alitazama tu.

Miwani ya Riziki niliitafutia kasha la maana. Nilikuwa na kopo kubwa la plastiki, lilikuwa la mafuta ya kupikia, mdomo mpana, kifuniko kinabana. Riziki akalitazama akauliza kama kweli anakwenda Misri na kopo la mafuta. Nikamwambia Misri hawali kopo. Nikalivika sponji ndani, pande zote safari hii, nikaacha nafasi ya miwani na nafasi ya yai. Kopo na kipumulio begi la mkononi. Na betri za tochi nikazitoa nikazitia kwenye kifuko cha kamba, juu kabisa, mahali pa kuchomoa mara moja. Nikamwambia mara nyingine ndege ya mwisho huwa ndogo, wanakunyang'anya begi la mkononi pale kwenye ngazi walitie chini. Wakikunyang'anya, chomoa betri ubaki nazo wewe, maana huko chini zinaweza kuwaka moto. Akasema sawa, babu. Hakuwa ananisikiliza, alikuwa anatazama miwani yake.

Ngazi sasa tutoe wapi? Nyumba yangu ni ya chini. Jirani anajenga ghorofa, mnaiona ile. Nikaenda kumwomba fundi mkuu ngazi zake kwa dakika tano. Akauliza za nini. Nikamwambia nataka kutupa begi lenye yai. Wallahi mafundi wote waliacha kazi. Waliokuwa juu wakaning'iniza vichwa, waliokuwa chini wakaweka karai. Riziki alifunika uso kwa mikono miwili. Nikarusha. Gubu, gubu, gubu, mpaka kwenye kokoto. Nikashuka polepole, magoti yangu hayana haraka, nikafungua kopo mbele ya watu. Yai zima. Kioo kizima. Nikaliinua yai juu kama kombe, mafundi wakapiga makofi na miluzi, na mimi mzee mzima nikazunguka nalo.

Furaha ile haikudumu. Tuliporudi barazani tukakuta shangazi zake Riziki wamefika, watatu, kila mmoja na kifurushi. Halwa. Achari ya maembe kwenye chupa ya kioo. Kanzu mbili za kijana wa mtu anayesoma huko Kairo. Mabuyu. Mnajua kwetu mtu hasafiri mikono mitupu, akisafiri mmoja tumesafiri wote. Nikawaambia begi kubwa lina kilo zake ishirini na tatu na nimelipima kwa mizani ya samaki, hakuna nafasi ya ukucha. Wakasema kanzu haina uzito. Nikasema kanzu moja haina, mbili zinao. Wa achari akaniambia nina roho mbaya. Nikamwambia achari ikipasuka angani, binti yenu atafanya mtihani wa ualimu ananuka pilipili, na samaki wote wa Bahari ya Shamu watapiga chafya. Tukagombana hivyo nusu saa, kwa mapenzi. Mwishowe nikakubali mabuyu peke yake, kwa sababu ni makavu, na nikayajaza ndani ya mapezi pale pa kuingizia mguu, ambapo kila siku huwa najaza kitu pasijikunje. Wakaona wameshinda. Waache waone hivyo.

Katika kelele zile Bi Mwanakombo aliomba apewe kopo alisomee dua. Nikampa. Akalipakata, midomo inacheza, macho amefumba. Nani atamuuliza bibi kizee anasoma nini? Aliponirudishia nilibana kifuniko, nikazungusha utepe wa gundi, nikatia begini. Kesho yake Riziki akaondoka.

Siku ya pili, alasiri, simu ikalia. Ni Riziki. Sauti yake sikuipenda. Akanieleza kwamba wakaguzi wa Mombasa walilitazama kopo kwenye mashine, mama mmoja akamwita mwenzake, wakacheka, wakampitisha. Alidhani wanacheka kopo la mafuta. Hilo halikuwa neno. Neno ni kwamba ndege ya mwisho ilikuwa ndogo kweli, na pale kwenye ngazi walimnyang'anya begi la mkononi. Betri alichomoa. Akakaa dirishani. Akaona kwa macho yake begi lake linatupwa kwenye mkokoteni, mkokoteni unakata kona, begi linaanguka kwenye lami, na la mtu mwingine linalifuata linaliangukia juu.

Sasa alikuwa chumbani kwake, begi mbele yake, kopo mapajani. Mtihani kesho asubuhi. Akasema hana uwezo wa kufungua.

Vijana, nilikaa chini hapa hapa. Niliona vile vioo vimekuwa vumbi, na mtoto wa watu anarudi Mtongwe kubeba mitungi, kwa sababu ya mzee aliyejiona bado fundi. Nilitaka kumwambia asubiri. Asubiri nini? Nikamwambia afungue.

Nikasikia utepe unabanduka. Kifuniko. Kisha sauti ya mtu kukabwa, kama kwikwi, ikapanda, ikawa kubwa, nikajua analia. Nikamwita, "Riziki. Riziki, mwanangu, nisamehe."

Akajibu hawezi kupumua. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, anacheka hovyo, mpaka watu wa chumba cha pili wakamgongea ukuta.

"Babu," akasema, "kuna yai."

Yai! Nikauliza zima? Zima. Na vioo? Vizima, babu, havina hata mkwaruzo. Akaanza tena kucheka, na mimi nikacheka naye, simu iko sikioni, watu wa bao wakaja kuniangalia. Akaniambia hajatia kitu mdomoni tangu Nairobi, sasa anasikia njaa, anakwenda kulichemsha.

Nilipokata simu, kicheko kikaisha. Nikabaki na lile yai. Niliinua yai mbele ya mafundi, hilo nakumbuka. Nililitia wapi baada ya hapo? Wale shangazi, ile achari, zile kanzu. Nililirudisha koponi bila kujijua? Basi ndiyo yale yale ya Mholanzi. Msahaulifu nilikuwa kijana, msahaulifu nimezeeka, na sasa nimesahau kwenye mzigo ambao sikutakiwa kusahau. Sikumwambia mtu. Siku nne nzima sikucheza bao vizuri.

Riziki alirudi. Hakupitia nyumbani kwake, alikwenda moja kwa moja Mtongwe kwa nyanya yake, na akatuma bodaboda ije kunichukua. Nikawakuta wawili wamekaa mkekani. Ananiamkia shikamoo na huku amelishika kopo langu la mafuta kwa mikono miwili. Akanipa. Nikahisi uzito. Mtoto aliyelelewa, chombo cha watu hakurudisha kitupu. Nikafungua. Juu palikuwa na kadi ndogo yenye picha yake na miwani yake mizito, na neno la Kizungu ambalo hata mimi naweza kulisoma, kwamba huyu ni mwalimu. Chini yake, ndani ya sponji yangu, yai. La jiwe, jeupe, linang'aa, wanayachonga huko Misri. Akasema hili nirushe nitakavyo.

Nililia, sisemi uongo. Na kwa kuwa nilikuwa nalia, nikaona nimalizie aibu yangu yote. Nikamwambia Riziki anisamehe kwa lile yai la kweli, kwamba kichwa changu si kile, nililisahau humo ndani ya kopo, na kwamba asimpe tena mzee kama mimi mzigo wa maana.

Bi Mwanakombo alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Hukusahau. Yai lako uliliacha barazani, nikampa fundi akalikaange. Lile nililitia mimi."

Nikamtazama. Riziki akamtazama. Dua! Midomo inacheza, macho amefumba, na mkono uko ndani ya kopo! Nikamuuliza, kwa adabu yote niliyobaki nayo, kama anajua kilikuwa ni kioo cha mjukuu wake, na je, lingepasuka likamwagikia vioo, angesemaje?

"Ningesema sikukufundisha," akanijibu. "Lakini nilikufundisha."

Miaka ishirini na sita nimeingoja kauli hiyo kutoka kwa mwanamke yule, na ameitoa kana kwamba ananiomba sukari. Nikakaa, nikapewa chai, nikaanza kunywa. Na hapo ndipo kitu kikaniingia kichwani, polepole, kama mtu anayepanda ngazi kumi na moja. Nikaweka kikombe.

Nikasema, "Bi Mwanakombo. Na lile la Mholanzi?"

Akatazama nje. Akauliza kama kuku wameingia. Riziki alishaanza kuangua kicheko. Nikauliza tena, nikamkumbusha barua, mlango uliofungwa, uganga, jina la Mzee Yai, watoto wa Timbwani nzima. Akanyoosha leso yake magotini, akasema taratibu kwamba ngazi zetu zilikuwa fupi. Alitaka kujua kufunga kwangu kunafika wapi, na kumi na moja hazikutosha, na Ulaya ilikuwa ndiyo ngazi ndefu iliyokuwapo siku hiyo.

Nilisimama niondoke kwa hasira. Wallahi nilisimama. Lakini huwezi kuwa na hasira huku mbavu zinakuuma. Tulicheka watatu mpaka Bi Mwanakombo akatafuta meno yake mkekani. Ati aliingia kuniombea! Ati nilimshukuru mpaka machozi!

Wakati wa kuaga akaniomba kopo alitazame tena lile jiwe la Misri, akalipakata kidogo, akanirudishia. Nikapanda bodaboda, barabara ya Mtongwe mnaijua, mashimo na matuta, na dereva ana haraka ya kuwahi abiria mwingine. Nilifika nyumbani mgongo umekatika. Nikafungua kopo nilitoe yai la jiwe nilipange kabatini.

Kando yake palikuwa na yai la kuku, zima. Nikalichemsha nikalila na chumvi, nacheka peke yangu jikoni, mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.